Naomba ushauri: nitangaze wapi gomesi zangu?
Ndugu zangu, ninashona gomesi, yaani gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, mjini Jinja, Uganda, na hadi sasa wateja hunipata kwa kuambiana tu. Nataka kujitangaza mtandaoni, lakini Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na anayeitaka hulazimika kutumia VPN (programu ya kukwepa zuio la mtandao), jambo ambalo mama anayetafuta vazi la kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, hatahangaika nalo. Je, nguvu zangu nizielekeze WhatsApp Business, ambako naweza kupanga picha na bei kama katika kabati la dukani, au TikTok, ingawa bando, linalotozwa kodi ya asilimia 12, huisha upesi kwa video? Picha nilizopiga jioni chini ya balbu zimefanya hariri ya zambarau ionekane nyeusi. Na bei, niionyeshe wazi au nisubiri kuulizwa?