Data ipo wazi ila watu hawajui kuiuliza, mifano ya kweri (maswali ya kuuliza data) tuiandikeje?

mgosi_wa_ngamiani
Wakuu habari za jioni. Sie hapa Tanga tunaingiza zahanati na shule za mkoa kwenye Wikidata, hifadhidata huru ya mtandaoni, leseni yake ni CC0 yaani yeyote anachukua bure, lakini walimu na watu wa redio wakifungua ule ukurasa wa SPARQL, lugha ya kuiuliza Wikidata, wanakuta boksi tupu, wanaondoka. Nataka tuwaandalie mifano ya kukopi tu. Tuweke mingi au michache yenye maelezo?

binti_pangani
Michache mgosi, na kila kweri ianze na swali lenyewe kwa lugha ya kawaida, "zahanati zipi ziko wilaya ya Muheza?", uliandike humohumo ndani kwa alama ya # maana maelezo ya pembeni mtu akikopi yanabaki. Onyesha na mstari wa kubadilisha ili wa Lushoto atoe Muheza aweke kwake. Lebo, yaani majina ya vitu, weka "sw,en" (Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza), usipoziomba mtu analetewa namba ya Wikidata, Q924, badala ya Tanzania, ataelewa nini hapo?

fundi_bagamoyo
Nakazia. Ila panapopoteza watu wengi ni P131, ile ya kitu kiko eneo gani. Zahanati ikiwa imeandikwa iko kata fulani, ukiiuliza kwa wilaya na wdt:P131 tupu haiji, unaamini kabisa Muheza hakuna kitu, kumbe ilitakiwa nyota, wdt:P131*, ndiyo inapanda toka kata mpaka wilaya mpaka mkoa. Hapa msipite juujuu jamani, wekeni kweri mbili jirani, yenye nyota na isiyo nayo, mtu aziendeshe zote aone. Halafu ukiomba koordineti (namba za mahali kwenye ramani), kitu chenye koordineti mbili kinatokea mara mbili, kwa hiyo kwenye kuhesabu ni COUNT(DISTINCT), kila kitu kihesabiwe mara moja tu, na andikeni tarehe mliyojaribu na majibu mangapi yalirudi, anayekuja baadaye ajue kama kuna kilichobadilika.

mgosi_wa_ngamiani
Ahsanteni sana, hiyo ya nyota naianza leo. Nikiuliza nchi nzima inakatika njiani, kwa nini?

binti_pangani
Seva ya umma ina kikomo cha sekunde 60, mifano yenu ianzie wilaya moja. Na tafadhali mwandike wazi kwamba hesabu ni ya zahanati zilizoingizwa Wikidata, siyo zote zilizopo, mtu wa redio asije akatangaza wilaya ina zahanati tatu.

fundi_bagamoyo
Mfano mmoja uwe na mstari wa #defaultView:Map juu, majibu yanatoka kwenye ramani, mwalimu wa jiografia hapo humtoi.