Mwanasiasa kupewa maiki kanisani, tukubali ama tukatae?

Wapendwa naomba tuongee hii bila kukasirikiana. Jumapili kanisani kwetu huku Kisauni, Mombasa, mheshimiwa mmoja alikuja akakalishwa mbele, baada ya matangazo akapewa maiki, akapiga siasa za uchaguzi wa 2027 karibu nusu saa halafu akatoa laki 2 za mabati, vigelegele mpaka nje. Mimi niko kwaya nilikuwa nimesimama nyuma yake na roho iliniuma, maana kuna mama wa jumuiya yetu huuza viazi karai na kila wiki haikosi mia yake kapuni, sijasikia hata siku moja ametajwa jina.

Sisemi kanisa linyamaze. Enzi za chama kimoja kina Askofu Okullu na Askofu Muge waliikemea serikali wakati watu wameogopa, sasa ukishaezekewa paa na mtu utamkemea vipi? Juni 2024 vijana walipokuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha waliyauliza makanisa swali hilohilo.

Na msiniambie haiwezekani. Septemba 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana alikataza wanasiasa kuhutubia waumini kanisani, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi akaagiza pesa za Rais Ruto pale parokia ya Soweto zirudishwe, milioni 2 za nyumba ya padri na laki 6 zengine. Zirudishwe!

Mchangiaji: Binti yangu, hizo ni kodi zetu zarudi nyumbani, hata msikitini hupeleka. Kanisa likivuja wewe utaezeka?

Mwenye mada: Shikamoo mzee wangu. Kama ni kodi yetu basi irudi kwa dawa za zahanati na maji ya mfereji, si kwa mkono wa mtu mmoja na kamera zake. Hiyo ya msikitini pia naona si sawa, katiba ibara ya 8 yasema hakuna dini ya serikali na sisi hapa Mombasa twakaa mlango kwa mlango, ukianza kuhesabu nani kapewa ngapi jirani wataangaliana vibaya. Mheshimiwa akija karibu sana, akae kwa benchi, atie sadaka kapuni kimyakimya kama yule mama, Yesu alisema mkono wa kushoto usijue. Mabati tutachanga, hata kama ni miaka 3.

Nyinyi wa Likoni, Changamwe, Mikindani, huko kwenu baada ya matangazo maiki hupewa nani?