8x42, 10x42 au 8x32: ipi inafaa zaidi kwa kutazama ndege?

Chozi_Kijani
Wadau, heshima zenu. Nimebakiwa na darubini tatu za macho mawili kwenye orodha: 8x42, 10x42 na 8x32. Zote ni za daraja moja na haziingizi maji. Nitazitumia zaidi msituni kuanzia alfajiri, na mara mojamoja kwenye fukwe za matope ambako ndege hukaa mbali. Navaa miwani na sitaki kuivua kila ndege anapotokea. Najua namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ninachotaka kuelewa ni kwa nini wazoefu wengi wanashikilia mara 8, wakati mara 10 inamvuta ndege karibu zaidi.

Jicho_la_Kozi
Mkuu, tofauti ya 8 na 10 ni ndogo kuliko inavyosikika. Ndege aliye mita 50 utamwona kwa mara 8 kama yuko mita 6.25, na kwa mara 10 kama yuko mita 5. Umepata nyongeza ya robo tu.

Sasa angalia unachopoteza. Cha kwanza ni upana. 8x42 nzuri huonyesha takriban mita 140 ukitazama umbali wa mita 1,000, na 10x42 takriban 110. Msituni ndege yuko mita 20, kwa hiyo hiyo ni duara la mita 2.8 dhidi ya mita 2.2. Ukipiga hesabu ya eneo, ya mara 8 inafunika zaidi ya mara moja na nusu. Ndege mdogo anayerukaruka ndani ya majani hupatikana au hupotea hapo hapo.

Cha pili ni kina cha fokasi, yaani eneo la mbele na nyuma ya ndege linaloonekana wazi bila kurekebisha tena, na hiki watu hukisahau. Kina hupungua kwa mraba wa ukuzaji, kwa hiyo mara 10 inakupa kama theluthi mbili tu ya kina cha mara 8. Ndege akisogea tawi moja mbele, lazima uzungushe gurudumu la fokasi tena. Ukimaliza kuzungusha, kaondoka.

Cha tatu ni mtikisiko wa mikono. Darubini hukuza mtikisiko kwa kiwango kilekile inachomkuza ndege. Picha ya mara 10 inayocheza inaweza kukunyima mistari ya bawa ambayo mara 8 iliyotulia ingekuonyesha. Kwa msitu, chukua mara 8 bila wasiwasi.

Sululu_wa_Matope
Nakubaliana na Jicho_la_Kozi kuhusu msitu, ila nisimame upande wa mara 10 kwa sehemu zilizo wazi. Ndege wa matope yuko mita 150 au zaidi, anatembea polepole na yuko kwenye uwanda mmoja. Upana na kina havikusumbui. Kinachoamua ni umbo la mdomo, rangi ya miguu na michirizi ya kifua, na hapo ile robo ya ukubwa ina thamani. Vivyo hivyo kwa tai wanaozunguka juu na bata katikati ya ziwa.

Mtikisiko una dawa. Bana viwiko kwenye mbavu, shika mapipa (mirija miwili ya darubini) kwa mbele kidogo badala ya nyuma, na egemeza vikombe vya macho (pete zinazozunguka lenzi za jicho) kwenye mfupa wa nyusi. Ukipata mti au nguzo, iegemee. Mwenye mikono tulivu anaimudu mara 10. Mara 12 kwenda juu, weka stendi ya miguu mitatu, vinginevyo ukuzaji wote unaishia kwenye kutetemeka.

Lakini zingatia jua la mchana. Hewa ya moto juu ya matope huchemka, na picha inayumba hata darubini ikiwa juu ya stendi. Hapo ukuzaji mkubwa unakukuzia mvuke tu. Nenda asubuhi.

Bundi_wa_Alfajiri
Mmezungumzia namba ya kwanza. Ya pili haisomwi peke yake: gawa kipenyo cha lenzi kwa ukuzaji upate upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. 8x42 ni mm 5.25, 10x42 ni 4.2, 8x32 ni 4.0, na 10x32 ni 3.2.

Linganisha hizo na mboni yako. Kwenye jua kali mboni hubana hadi mm 2 au 3. Ikiwa ni mm 2.5, ukitumia mara 8 unafaidi mm 20 tu za katikati ya lenzi. Mwanga mwingine unaangukia nje ya mboni. Ndiyo maana adhuhuri 8x32 na 8x42 zina mng'ao uleule, na anayekuambia 42 inang'aa zaidi saa hiyo anapima ubora wa vioo, si ukubwa wake.

Alfajiri mambo hubadilika. Mboni ikifunguka mm 5, 8x42 inaijaza yote. 8x32 inakupa asilimia 64 ya mng'ao huo, na 10x42 kama asilimia 70. Chini ya miti mizito, dakika 20 za mwanzo, utaiona tofauti hiyo kwenye rangi: kijani kinageuka kijivu mapema zaidi. Kumbuka pia kwamba uwezo wa mboni kufunguka hupungua kadiri umri unavyosonga. Vijana hufika mm 7, wazee wengi hawapiti 5. Kwa hiyo lenzi za mm 50 au 56 hazimsaidii kila mtu, na uzito wake ni wa kila mtu.

Duara pana lina faida nyingine hata mchana: jicho likiyumba kidogo bado liko ndani ya mwanga, hupati kivuli cheusi pembeni. Hili ndilo linaloifanya 42 istarehe kuliko 32 kwa saa nyingi.

Mgeni_Mbawa
Samahani kuingilia, na zile zinazobadilisha ukuzaji, mara 10 hadi 30? Si zinamaliza ubishi wote?

Jicho_la_Kozi
Hapana ndugu. Kwenye mara 10 upana wake ni mdogo kuliko 10 ya kawaida, na kwenye mara 30 lenzi ya mm 60 inatoa duara la mm 2 tu, giza na mtikisiko juu yake. Isitoshe, mapipa mawili lazima yabadilike sawasawa kabisa. Yakipishana kidogo, kichwa kinauma. Achana nazo.

Kipimo_Kwanza
Niongezee namba moja ya kutokuiamini: ile ya uwezo wa machweo, yaani kipeuo cha pili cha ukuzaji mara kipenyo. 8x42 inapata 18.3, na 10x42 inapata 20.5. Sawa, ukuzaji husaidia kuona undani gizani. Lakini kwa hesabu hiyohiyo 16x25 inapata 20 na kuishinda 8x42, ilhali duara lake la mwanga halifiki mm 1.6. Namba hiyo haijui kioo kikoje wala mboni yako ikoje.

Badala yake pima mwenyewe kabla ya kununua. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, weka karatasi nyembamba nyuma ya lenzi ya jicho, isogeze hadi duara likolee, kisha lipime kwa rula. 8x42 ikikupa mm 4.5, kuna kitu ndani kinaziba lenzi, na hiyo 42 ni ya kwenye maandishi tu. Umbali kutoka lenzi hadi karatasi ndio umbali ambao jicho linatakiwa kukaa. Halafu itazame kwa umbali wa mkono: ukiona duara lenye kingo za kijivu zilizokatwa mraba, prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyogeuza picha isimame wima, ni za kioo hafifu.

Kipimo cha mwisho: tazama waya au ukingo wa paa ulio mbali, kisha rudisha darubini polepole sentimita 10 kutoka machoni. Mstari wa kushoto na wa kulia uwe kwenye kimo kimoja. Ukipanda upande mmoja, mapipa hayajanyooka. Usiichukue, hata kama macho yanajilazimisha kuunganisha picha.

Chozi_Kijani
Shukrani sana wakuu. Kwa hiyo 8x42 kwa msitu. Vipi kuhusu miwani? Na je, 8x32 niifute kabisa?

Bundi_wa_Alfajiri
Usiifute kwa sababu ya mwanga peke yake. 8x32 huwa na gramu 450 hadi 600, na 8x42 nyingi ni 650 hadi 800. Kwa anayetembea siku nzima na kuanza jua likiwa limepanda, 32 ni chaguo halali. Wewe unaanza alfajiri, na umesema msituni.

Kipimo_Kwanza
Kwa miwani, tafuta umbali wa jicho (ule niliosema wa kutoka lenzi hadi jicho) wa mm 16 kwenda juu, 18 ni salama zaidi. Namba ya kwenye karatasi ya maelezo ya darubini mara nyingi hupimwa kutoka kwenye kioo chenyewe, na ukingo wa kikombe unakula milimita kadhaa, kwa hiyo jaribu ukiwa umeivaa. Shusha vikombe vyote. Ukiona ukingo wa duara la picha wote kwa wakati mmoja, inakutosha. Ukiona katikati tu, ule upana wa mita 140 unabaki kwenye tangazo. Hapa pia 10x42 na 8x32 nyingi hubana kuliko 8x42.

Kisha irekebishe kabla ya kuihukumu. Fungua bawaba hadi maduara mawili yawe moja. Ziba pipa la kulia, zungusha gurudumu la kati hadi kibao cha mbali kisomeke kwa jicho la kushoto. Ziba la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete ya diopta, ile inayorekebisha jicho moja peke yake, hadi kibao kilekile kisomeke kwa la kulia. Weka alama hapo ilipofika, maana pete zisizo na kufuli husogea zenyewe ndani ya begi.