Aliyegonga muhuri kwenye michoro abebe lawama peke yake?

Kipimamaji: Wadau, nina swali. Hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, miaka ya 80 mwanzoni. Njia mbili za kupita watu zilining'inizwa juu ya ukumbi, moja ghorofa ya nne, nyingine ya pili chini yake. Zote zikaanguka, watu zaidi ya mia wakafa. Mchoro wa kwanza ulitaka fimbo moja ya chuma ishike njia zote mbili. Waliotengeneza vyuma wakataka igawanywe vipande viwili, kimoja kishike njia ya juu, kingine kining'inie kwenye njia hiyo na kushika ya chini, maana kuchonga meno ya nati urefu wote ule ni kazi kubwa. Ofisi ya mainjinia ikagonga muhuri. Mimi nasema lawama yote ni ya mwenye muhuri. Fundi hajui hesabu, anafuata mchoro. Mnasemaje?

Nondo16: "Fundi hajui hesabu." Kaka, neno hilo limenichoma. Nafunga nondo mwaka wa kumi na tisa huu. Niliwahi kuletewa nguzo ya 250 kwa 250, nondo nane za milimita 25. Kwenye maungio, pale nondo mpya zinapolala kando ya zilizopo, zinakuwa kumi na sita. Toa nafasi ya zege la kufunika nje, toa ringi za kuzifunga nondo, kati ya nondo na nondo kidole hakipiti. Kokoto ya milimita 20 itapita wapi? Nilimwonyesha mwenye mchoro, akaniambia mwaga tu. Tulipovua mbao, chini ya nguzo matundu matupu, nondo unaziona kwa macho. Sasa nani hakujua hesabu?

Mchora Mistari: Pole mkuu, lakini msitutie wote kapu moja. Naacha zege zito asubuhi, nikirudi mchana linatiririka kama uji, mtu kaongeza maji ili kazi iwe laini. Maji yaliyozidi hayawi saruji. Yanakauka, yanaacha vitundu, na nguvu inashuka. Zege likifeli vipimo anaulizwa nani?

Nondo16: Wanaongeza maji kwa sababu zege halipenyi kwenye nondo mlizozibananisha!

Mchora Mistari: Basi omba kokoto ndogo, omba vaibreta, mashine ya kulitikisa zege lishuke. Ndoo ya maji haikuwa ruhusa yako.

Mama Zege: Mnagombania maji, mimi bado niko kwenye "hajui hesabu". Daraja la Quebec, Kanada, 29 Agosti 1907, lilianguka likijengwa, watu 75 wakafa. Waliokuwa pale juu walishaona vyuma vya chini, vile vinavyobanwa na mzigo, vinazidi kupinda. Kosa lilitoka ofisini: walirefusha daraja bila kupiga upya ipasavyo hesabu ya uzito wake lenyewe. Mshauri mkuu, Theodore Cooper, alikuwa New York. Alituma telegramu mzigo usiongezwe, haikufika darajani kwa wakati. Waliokufa ni hao hao "wasiojua hesabu".

Kipimamaji: Dada, si ndiyo hoja yangu? Ofisi ndiyo yenye kosa. Turudi kwenye ile fimbo.

Mama Zege: Hoja yako naikubali. Lile neno ndilo silikubali.

Mgeni wa Saiti: Samahanini, mzigo ni uleule na chuma ni kilekile. Kuigawa fimbo kunadhuru nini?

Mchora Mistari: Chukua kamba moja, funga mpini wa ndoo ya kwanza, shuka chini kidogo, funga mpini wa ndoo ya pili. Kila mpini unabeba ndoo yake. Sasa fungua ile ya chini, uining'inize kwenye kitako cha ndoo ya juu. Kamba haijui tofauti, ila mpini wa juu unabeba ndoo mbili. Pale Kansas City mpini ni nati na boriti ya njia ya juu. Mzigo pale ukawa maradufu. Na hata mchoro wa kwanza ulikuwa unafikisha kama asilimia 60 tu ya nguvu iliyotakiwa na kanuni za mji. Ilikuwa 17 Julai 1981, watu 114.

Kipimamaji: Na mainjinia wawili wakanyang'anywa leseni za Missouri. Hakuna fundi aliyenyang'anywa kitu.

Nondo16: Fundi ana leseni gani ya kunyang'anywa? Sisi tunanyang'anywa kibarua, na hakuna anayeandika. Na lile neno hujalifuta.

Kipimamaji: Nilimaanisha hesabu za ofisini.

Nondo16: Basi andika hivyo.

Mgeni wa Saiti: Mzee, na ile nguzo yenye matundu iliishia wapi?

Nondo16: Tulitegesha miti, tukachonga zege bovu mpaka tukakuta zima, tukajaza grauti, uji wa saruji wa kuziba. Leo ina ghorofa tatu juu yake. Nikipita njia ile naangalia ile nguzo kwanza.