Mamluki wakiua raia nani ashitakiwe: aliyefyatua, kampuni yake, au aliyewalipa?

wakili_njaa:
Wakuu salama. Hili nalifikiria tangu ile hukumu ya Novemba 2024 kule Virginia, Marekani. Kampuni ya Kimarekani ya CACI ilipeleka watu wake kuhoji wafungwa gereza la Abu Ghraib, Iraq, enzi zile za picha za aibu za wafungwa kuteswa, na wazee wa baraza wakaamua ilipe dola milioni 42 kwa Wairaki watatu. Mmoja mwandishi wa habari, mmoja mwalimu mkuu, mmoja muuza matunda. Kesi ilifunguliwa 2008, hesabu mwenyewe hiyo miaka. Kampuni inakana na ilisema itakata rufaa. Muda wote huo utetezi wake ulikuwa sisi tulikuwa chini ya jeshi, na jeshi nalo ukiligusa lina kinga, basi ni danadana tu mpaka mlalamikaji anaota mvi.

Sasa tuje hapa jirani, Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji wenye vita na magaidi. Amnesty, shirika la haki za binadamu, walitoa ripoti Machi 2021, walihoji wakimbizi 79, wakasema helikopta za DAG (Dyck Advisory Group), kampuni ya makaburu iliyoajiriwa na polisi wa Msumbiji, zilimimina risasi na kurusha mabomu ya mkono kwenye makundi ya watu bila kuchagua nani gaidi nani mama anakimbia na mtoto, na hospitali na shule zikapigwa. Kampuni ikajibu itatafuta mawakili wachunguze. Aprili mkataba ukaisha, wakafungasha. Kimya mpaka leo.

Mimi nasema anayelipa ndiye abebe msalaba. Nyie mnaonaje? (Na ni hao hao walioenda kuokoa watu magaidi walipovamia mji wa Palma Machi hiyo hiyo 2021, mbwa wakapanda helikopta watu wakabaki, lakini hiyo ni mada nyingine.)

Bwashee Kifaru:
Subiri kwanza. Mbwa walipanda helikopta??

wakili_njaa:
Ndiyo mkuu. Watu kama 220 walikuwa wamejibanza hoteli ya Amarula, wazungu kama 20 hivi, wengine wote weusi. Manusura waliwaambia Amnesty kwamba wazungu walitangulizwa, na meneja wa hoteli akaondoka na mbwa wake wawili, wale wa Kijerumani. Ila tujadili mada.

Bwashee Kifaru:
Mada ndiyo hiyo sasa! Mbwa mchungaji wa Kijerumani ana kilo 35, wawili 70, huyo ni mtu mzima kashiba kabisa. Kuna baba wa mtu aliachwa Palma kwa sababu ya Simba na Tomi.

Chuma cha Pua:
Mnaanza kutoa povu kabla ya kusoma. 1) Aliyepakia mbwa ni meneja wa hoteli, kwa maelezo ya Amnesty hao hao, sasa kampuni inaingiaje hapo. 2) Dyck aliyeanzisha DAG hakuwa kaburu, alikuwa Mzimbabwe, kanali mstaafu, aliwahi kuwa jeshi la Rhodesia halafu akapigana na waasi wa Renamo akiwa na jeshi la Mugabe, Msumbiji aliijua kuliko wewe na mimi. 3) Kampuni ilikana hayo mambo ya ubaguzi. Zile helikopta zilikuwa ndogo, zinabeba watu wachache, mafuta yanaisha zinarudi kujaza, chini risasi zinavuma. Niambieni jeshi gani la Afrika lilikuwa juu ya hoteli ile siku ile? Hakuna. Mnawatukana watu pekee waliokwenda.

Bwashee Kifaru:
Kwa hiyo rubani hakuona mbwa wakipanda? Alidhani ni masista?

Chuma cha Pua:
Wewe huna hoja una vichekesho.

Mwana Msimbati:
Mnacheka tu kwa sababu mko mbali na mto Ruvuma, huu wa mpaka wetu na Msumbiji. Sisi wa Mtwara mamluki hatukuwasikia redioni, tuliwasikia na masikio. Usiku ukitulia unasikia mlio unatoka ng'ambo na hujui ni wa nani. Oktoba 2020 Kitaya ilivamiwa, kijiji chetu upande wetu, watu wakauawa nyumba zikachomwa, na huyo Chuma hapo anauliza jeshi gani lilikuwepo kana kwamba vita ni mpira unahesabu nani kafika uwanjani. Wamakonde wa huku na wa kule ni ndugu wa damu, mpaka ni wa kwenye ramani.

Chuma cha Pua:
Kaka Msimbati sijakutukana wala sijaitaja Mtwara. Nimesema Palma. Kusoma hujui?

Mwana Msimbati:
Palma na kwetu ni pua na mdomo. Na mimi sio kaka yako.

Mlinzi Mstaafu (Nakuru):
Niulize kitu, mbona kila mtu hapa akisema mamluki anamaanisha muuaji? Mimi nilisimama geti Baghdad 2008 mpaka 2010, kampuni siitaji. Sikuua mtu. Nilikuwa nakagua magari na kioo cha kuangalia chini, jua la nyuzi 50, helmeti ya mtu mwingine kichwani. Sisi Wakenya na Waganda, Waganda ndio walikuwa wengi zaidi, tulikuwa tunalipwa kama dola 600 kwa mwezi. Mzungu wa msafara alikuwa anakula karibu hiyo hiyo kwa siku, bana. Halafu mimi ndiye naitwa mamluki? Mtu akinyimwa malipo ya mguu uliovunjika akiwa kazini, huyo naye si ameonewa na hizi kampuni? Mbona hiyo hamuiweki kwenye mada?

wakili_njaa:
Pole sana mzee wangu, na hiyo ni sehemu ya mada kabisa. Wewe ulifika mwaka mmoja baada ya Nisour, si ndio?

Mlinzi Mstaafu (Nakuru):
Ndio. Na tuliilipia sisi. Blackwater, kampuni ya ulinzi ya Kimarekani, walimwaga risasi pale Nisour Square, Baghdad, 16 Septemba 2007, watu 17 wakafa, wengine kwenye magari yao wakiwa kwa foleni, hawakuwa wamefanya lolote. Mimi nimefika sijafyatua hata risasi ya mazoezi, lakini Mwiraki akiona beji yangu anatema mate chini. Simlaumu.

Bwashee Kifaru:
Na wale Blackwater walifungwa?

wakili_njaa:
Hapa ndipo panauma. Iraq ilishindwa kuwagusa kwa sababu Bremer, yule gavana wa Kimarekani, alishaweka Amri namba 17 iliyowapa makontrakta kinga dhidi ya sheria za Iraq. Wakaja kushitakiwa Washington. 2014 wanne wakatiwa hatiani, mmoja kwa mauaji ya kukusudia. Miaka ikaenda, rufaa zikaenda, Desemba 2020 Trump akawasamehe wote wanne. Siku moja, saini moja.

Chuma cha Pua:
Basi umejijibu. Walifikishwa mahakamani, sheria ikafanya kazi yake, rais akatumia mamlaka aliyopewa na katiba. Hata kwetu rais husamehe wafungwa sikukuu ya Muungano.

Bwashee Kifaru:
Chuma hivi wewe unalipwa kwa siku au kwa mwezi kama mlinzi wa Nakuru?

Mlinzi Mstaafu (Nakuru):
Usinitumie kwa matusi yako buda. Nimesema nilikuwa geti.

Mngazidja wa Darajani:
Mie nawashangaa mnavyohesabu kuanzia Baghdad kana kwamba Afrika mamluki kaja jana na helikopta. Sisi Komoro tumetawaliwa na mmoja. Bob Denard kaja 1978 kwa boti na wenzake wachache, kampindua Ali Soilih, kamrudisha Ahmed Abdallah, kisha kakaa na kikosi chake cha walinzi wa rais mpaka 1989, rais mwenyewe akapigwa risasi. Kasilimu, kajiita Said Mustapha Mahdjoub, kaoa kwetu. Paris 1999 mahakama ikamwachia kwa kifo cha Abdallah. Alipojaribu tena kupindua 1995 wakamhukumu 2006, kifungo cha nje, na mwaka uliofuata akafa kitandani. Huyo ndio mwajibikaji wenu. Alikuwa na wakwe, sembuse kampuni yenye mawakili.

Bwashee Kifaru:
Alikuwa na mbwa?

Mngazidja wa Darajani:
Mswahili muungwana hafugi mbwa ndani, mwanangu, hata ukiniuliza mara tatu.

Chuma cha Pua:
Sasa tumeshafika kwenye dini. Safi.

Mama Kivu:
Mimi niko Goma. Bale bazungu ba Romania balikuwa banasaidia jeshi yetu, batu ba huku tulibaita baRomeo. Tarehe 29 ya mwezi wa kwanza 2025, mji ukishaanguka kwa waasi ba M23, bakavuka mpaka kuenda Rwanda, karibu 280, bakakaguliwa mmoja mmoja, bakapanda bisi. Balikuwa banalipwa dola 5000 kwa mwezi. Soda wetu, askari wa serikali, analipwa kama 100, tena inachelewa. Siwezi kusema balifanya ubaya gani ao uzuri gani, lakini wakati ya hatari bao bako na bisi na ndege ya kurudia kwabo. Sisi tulibakia na mabomu na maji ilikatika. Na sasa tunasikia mwenye Blackwater wa zamani, Erik Prince, amepatana na Kinshasa asaidie kukusanya kodi ya madini. Munaongea Nisour, bwana yake ako anakuja kwetu.

wakili_njaa:
Mama Kivu asante, umeona mstari ambao sisi tumeukimbia. Ndiyo maana nasema tufuate hela. Mfano, huko Palma mtu pekee anayesumbuliwa kidogo mpaka sasa sio rubani wala mwenye helikopta. Manusura na familia za waliokufa walipeleka malalamiko Ufaransa 2023 dhidi ya TotalEnergies, wenye mradi wa gesi pale Afungi, wakidai hawakuwalinda wakandarasi wao wadogo na kwamba waligoma kutoa mafuta kwa ajili ya helikopta za uokoaji. Mwendesha mashtaka akafungua uchunguzi 2025. Kampuni inakana. Lakini angalau pana faili lenye namba.

Chuma cha Pua:
Ahaa kumbe mada ni gesi. Ungesema mapema kwamba unawapinga wawekezaji tusingepoteza bando.

wakili_njaa:
Nimeuliza swali la sheria tangu mwanzo!

Chuma cha Pua:
Uliweka mbwa kwenye mabano ndugu yangu. Ulijua unachofanya.

Bwashee Kifaru:
Hapo kakupata 😂😂

Mlinzi Mstaafu (Nakuru):
Bado hakuna aliyejibu kuhusu mguu.

wakili_njaa:
Mzee mguu ni wako?

Mlinzi Mstaafu (Nakuru):
Wa rafiki yangu. Mganda. Hospitali ya kambi ilimshona, kampuni ikamrudisha Entebbe na barua ya kurasa mbili kwa Kiingereza. Mkataba alioweka sahihi ulisema ukiwa na malalamiko uyapeleke kwa korti za Marekani, jimbo fulani. Mtu wa kijijini Uganda ataanzia wapi? Sasa kama sisi tuliovaa beji yao hatukuwa na mlango wa kubisha, huyo Mmakonde aliyepigwa kutoka juu atabisha wapi?

Chuma cha Pua:
Hapo sawa. Hapo nakubali. Lakini hilo ni suala la mikataba ya kazi sio la uhalifu wa kivita, msichanganye.

Mngazidja wa Darajani:
Kumbe anajua kukubali. Tuandike tarehe.

Bwashee Kifaru:
Mimi bado niko kwenye mbwa, samahanini. Wakipelekwa Ufaransa watatoa ushahidi kwa Kijerumani au Kireno?

Mwana Msimbati:
Bwashee nilikuwa nimenyamaza ila wewe sasa. Kuna mzee mmoja alivuka Ruvuma na mtumbwi akaja kukaa kwa shemeji yangu wiki tatu kabla hawajamrudisha ng'ambo, maana na sisi tuliwarudisha, tusijifanye malaika. Shamba lao lilipigwa kutoka juu, mkewe akabaki hapo hapo. Tulimuuliza ni jeshi, ni polisi, ni hao mamluki, ni nani? Anasema helikopta. Ukimuuliza tena, anasema helikopta. Nendeni naye Virginia au Paris huko mkafungue kesi dhidi ya helikopta.

Chuma cha Pua:
Ndicho ninachosema mimi, ushahidi ni tatizo. Jeshi lilikuwa na helikopta, mamluki nao walikuwa nazo. Hakuona hata rangi yake au maandishi?

Mwana Msimbati:
Alikuwa kalala kifudifudi kwenye mihogo. Wewe ungegeuka uangalie rangi?