Tuliwatuma wanne kupanda makanisa, amebaki mmoja. Tulikosea wapi?

Mlezi_wa_Watendakazi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimesita miezi kadhaa kuandika haya, kwa sababu yanahusu watu ninaowapenda. Wazee wa kanisa letu walinikabidhi kazi ya kuwaandaa watumishi wa kwenda kufungua makanisa mapya. Miaka mitatu iliyopita tuliwachagua ndugu wanne, baada ya kufunga na kuomba, tukawafundisha miezi tisa, kila Jumamosi kuanzia asubuhi hadi alasiri. Tulipitia Agano Jipya lote, mafundisho ya msingi, kuandaa mahubiri, uinjilisti, kuongoza ibada, hata kutunza hesabu za sadaka. Walifaulu vizuri. Siku ya kuwaaga tuliwawekea mikono, kanisa zima likalia kwa furaha, na mimi nililia kuliko wote.

Leo makanisa mawili yamefungwa. La tatu lina watu kumi na wawili wanaoendelea kukutana, lakini ndugu aliyelianzisha ameacha huduma na simu zangu hapokei. Amebaki mmoja tu, na huyo ndiye tuliyemwona mzito kuliko wenzake darasani. Kazi za kuandika alikuwa haziwezi. Mahubiri yake ya majaribio yalikuwa yakiishia katikati.

Kuhusu msaada: mwaka wa kwanza tuliwapa posho kila mwezi, kisha kamati ikaikata kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nikiwapigia simu kila mwanzo wa mwezi kupokea taarifa: wangapi wameokoka, wangapi wamebatizwa, sadaka imefika ngapi.

Sasa wazee wanataka tutume wengine sita mwakani. Wameshauri mafunzo yarefushwe yawe ya miezi kumi na minane. Moyo wangu hautulii. Ni kweli mafunzo yalikuwa mafupi? Au tulichagua vibaya? Naomba waliopita njia hii waniambie ukweli, hata kama unauma.

---

Seremala_Mpanzi

Shalom, mtumishi. Nina miaka ishirini na mbili katika kupanda makanisa, na bado nashika randa siku tatu kwa wiki ili nyumba yangu ile. Nitakuambia nilivyoona.

Kwanza, maswali mawili. Katika miezi ile tisa, ni mara ngapi ndugu hao walimtembelea mgonjwa, wakapatanisha watu, wakaongoza kikundi cha nyumbani, wewe ukiwa umekaa pembeni unatazama? Na walipokwisha kwenda, ni mara ngapi umelala nyumbani kwao?

Nauliza kwa sababu kanisa langu la kwanza lilikufa likiwa na miezi kumi na minne. Kuhubiri nilijua. Nisichojua ni la kufanya pale viongozi wawili wa kwaya walipokosana. Nilihubiri upendo Jumapili tano mfululizo nikidhani wataelewa, wala sikuwahi kukaa nao wote wawili chumba kimoja. Wakaondoka, kila mmoja na jamaa zake. Tulikuwa ishirini na sita, tukabaki kumi na watano. Mchungaji aliyenituma alikuwa mtu mwema, lakini kila akipiga simu aliuliza idadi. Idadi ilipoanza kushuka, nikaacha kupokea simu yake. Nilikuwa na aibu. Nilikaa gizani miezi mitatu, simu inaita, naitazama tu. Kwa hiyo unaposema ndugu yako hapokei, mimi namwona kabisa alivyokaa.

Sasa kuhusu urefu wa mafunzo. Korintho Paulo alikaa nao mwaka mmoja na miezi sita, yeye mwenyewe, si mwanafunzi wake. Bado walijigawa makundi na wakapelekana mahakamani. Thesalonike alifukuzwa mapema mno, na kanisa likasimama. Angalia basi alichofanya kila mahali: hakuwaacha. Listra walimpiga kwa mawe wakamburuta nje ya mji wakidhani amekufa. Akaenda Derbe, kisha akarudi Listra hiyohiyo kuwatia moyo wanafunzi na kuwawekea wazee (Matendo 14). Baadaye akamwambia Barnaba warudi kila mji walikohubiri wakaone ndugu wanaendeleaje. Thesalonike aliposhindwa kurudi, uvumilivu ukamwishia, akamtuma Timotheo akabaki peke yake Athene. Na nyaraka zile tunazozisoma Jumapili, nyingi ni malezi ya makanisa machanga, yameandikwa na mtu aliyekuwa anajua nani kagombana na nani.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Wamethodisti wa kwanza. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, walikuwa na deni la jengo, wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na kiongozi mmoja akusanye kwa watu kama kumi na wawili. Kiongozi alipokuwa akipita nyumba kwa nyumba akaanza kuona waumini wanavyoishi hasa: nani amerudi nyuma, nani ana huzuni. John Wesley, kiongozi wao, akatambua kwamba alichokuwa akikitafuta siku nyingi ni hicho. Mpango wa fedha ukageuka kuwa uchungaji. Ninyi naona mlikuwa na simu ya kila mwezi ikibaki kuwa mpango wa hesabu.

Tunavyofanya sisi sasa: miezi minne ya kwanza darasani, halafu mwanafunzi anaanza kikundi cha nyumbani huku masomo yakiendelea. Shida anazokutana nazo wiki hii ndizo somo la wiki ijayo. Si jambo jipya. Guatemala mwaka 1963 chuo kimoja cha Wapresbiteri kiliacha kuwangoja wanafunzi waje bwenini, kikawafuata walikoishi na kufanya kazi. Walisoma nyumbani na kukutana na mwalimu kila wiki. Waliokuwa tayari wanaongoza watu, na wasingeweza kuacha familia na kazi zao, wakapata mafundisho. Tunatuma wawili wawili, kamwe si mtu peke yake. Mlezi mmoja hachukui zaidi ya watatu. Mwaka wa kwanza anakwenda kila baada ya wiki mbili na analala huko. Anauliza: Unalala vizuri? Umekosana na nani? Mke wako anasemaje? Ni nani unayemfundisha ashike nafasi yako? Idadi ni swali la mwisho, na siku nyingine haliulizwi.

Kwa hiyo hao sita, punguza wawe watatu. Huna walezi wa sita.

---

Sebule_Yetu

Kaka Seremala, asante kwa lile swali la mke. Niruhusuni niseme neno kama mke wa mpanda kanisa.

Sebule yetu ilikuwa kanisa kwa miaka miwili. Jumamosi nahamisha vitanda vya watoto, Jumapili usiku navirudisha. Wamama wakija na mizigo yao usiku wanabisha mlango wangu. Nilifundisha watoto, nilikaa na wafiwa. Mume wangu alikuwa amesomeshwa mwaka mzima. Mimi sikuitwa hata siku moja. Siku ya kuwekewa mikono nilikuwa kwenye kiti cha tatu nimebeba mtoto. Ndoa yetu ilifika mahali tukawa tunaongea habari za ratiba tu, naye hakuwa na wa kumwambia kwa sababu aliogopa ataonekana ameshindwa kuitunza nyumba yake.

Apolo alipohitaji kueleweshwa njia ya Mungu, waliomchukua ni Akila na Prisila, wote wawili, na kanisa lilikuwa nyumbani mwao. Basi msisomeshe nusu ya nyumba.

Kilichonisaidia ni dada mmoja wa kanisa mama aliyeamua kuja kila Alhamisi. Tunafunga mlango. Hakuja kukagua wala kufundisha, alikuja kunisikiliza na kuomba nami. Alifanya hivyo miezi kumi na moja. Mpaka leo sijui nani alimtuma, na huwa namshukuru Mungu kwa ajili yake kwa jina.

---

Mtunza_Hazina

Nyongeza fupi kuhusu posho. Kukata ghafla ni kosa, na kuendelea bila mwisho pia ni kosa. John Nevius, mmisionari Mmarekani aliyefanya kazi Shandong, Uchina, alipinga sana kuwalipa waumini wapya kwa fedha kutoka nje ili wahubiri, akataka wabaki katika kazi zao na makanisa yajitegemee. Mwaka 1890 wamisionari vijana wa Korea walimwita Seoul, akakaa nao muda wa wiki mbili hivi, na ushauri wake wakaujengea kazi yao. Watu humnukuu Nevius wanapotaka kufunga mkoba, na hilo hunisikitisha, kwa sababu yeye alikuwa akizunguka kuvitembelea vituo vyake, na akiwakusanya viongozi wao kwa majuma kadhaa ya mafundisho. Alipunguza fedha akaongeza uwepo wake. Ninyi mlikata fedha, mkabaki na simu ya kila mwezi tu.

Ushauri: posho ishuke kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na ratiba hiyo aione mpanzi, mkewe na waumini wake kabla hajaondoka, ili kushuka kwake kusionekane kama adhabu.

---

Mlezi_wa_Watendakazi

Wapendwa, nimesoma haya jana usiku mara tatu, nikafungua daftari langu la safari. Katika miaka hii nimewatembelea wote wanne jumla ya mara tisa. Saba kati ya hizo zilikuwa sherehe: ufunguzi, ubatizo, harambee. Nilifika asubuhi, nikahubiri, nikaondoka jioni. Kulala nyumbani kwao, hakuna hata mara moja.

Kisha nikampigia yule ndugu aliyebaki, nikamuuliza nini kimemshika. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua kabisa. Mzee mmoja wa kanisa letu alipostaafu alihamia kwa binti yake, karibu na kanisa hilo jipya. Tangu mwezi wa pili, kila Jumanne jioni amekuwa akienda kwa ndugu huyu. Wanaisoma habari ya Jumapili ijayo pamoja, wanataja majina ya watu mmoja mmoja, wanaomba. Mkewe mzee huyo hukaa na mke wa ndugu. Hakuna kamati iliyopanga. Sisi tulikuwa tunasema amedumu kwa neema, na kweli ni neema, ila neema ile ilikuwa inatembea kwa miguu kila Jumanne na mimi sikuiona.

Dada, maneno yako ya kiti cha tatu yamenichoma. Wake za wale wanne wote walikuwa kwenye kiti cha tatu.

Nimemwandikia pia yule asiyepokea simu. Sikugusa habari za kanisa. Nimemwomba radhi kwa kumuuliza hesabu miezi yote ile, na nikaomba nije nimwone, nilale kwake akiniruhusu. Leo alfajiri amejibu: "Mke wangu anauliza kama na mama atakuja."

---

Seremala_Mpanzi

Mtumishi, nenda na mama. Daftari liache nyumbani. Usimwombe arudi kwenye huduma safari hii, wala ijayo. Akitaka kusimulia yaliyompata, msikilize mpaka mwisho, na usiyaeleze kwa wazee bila ruhusa yake.

Kwa wale kumi na wawili, usiwapelekee mtu mpya kutoka darasani kwako. Wamekutana muda wote huu bila mchungaji, kwa hiyo kuna mtu anayewafungulia mlango kila Jumapili na kumfuata asiyekuja. Ulizia ni nani. Pengine ni mama fulani, pengine ni kijana ambaye hamjawahi kumwandika popote. Anza kumtembelea huyo.

Nipe taarifa ukirudi. Nitakuwa nawaombea tangu leo.