Santo Stefano di Sessanio bila gari: inawezekana?

Mkwea_Usambara:
Wakuu, kwa wanaoijua Abruzzo, mkoa wa Italia. Mwishoni mwa Septemba nitakuwa Roma na nina siku tatu huru. Nataka kwenda Santo Stefano di Sessanio, kile kijiji cha mawe juu ya mji wa L'Aquila, halafu nitembee hadi ngome ya Rocca Calascio. Nimepanga kupanda Jumamosi na kushuka Jumapili. Leseni yangu ni ya Tanzania. Basi linatosha au nikodi gari? Na mtu asiyekula nguruwe atapata chakula?

Barabara_ya_17:
Basi linatosha, ila siku ulizochagua ndizo mbaya kuliko zote.

Roma hadi L'Aquila hakuna shida: mabasi yanatoka kituo cha Tiburtina mara nyingi kwa siku, mwendo usiofika saa mbili. Kazi inaanza L'Aquila. Ya kupanda kijijini ni machache, na ratiba yake inawachanganya wengi. Ukiona *feriale*, ni Jumatatu hadi Jumamosi. Usidhani Jumamosi imetolewa. *Festivo* ni Jumapili na sikukuu, na ya *feriale* hayapo siku hizo. *Scolastico* ni siku za shule tu. Mwishoni mwa Septemba shule zimeshafunguliwa, kwa hiyo hayo yanakufaa. Angekuwa ni mtu wa Julai, angesimama kituoni mpaka jioni.

Panda Jumanne, shuka Alhamisi. Angalia kwanza basi la kurudi, ndipo uchague la kwenda. Tiketi nunua mjini kabla ya kupanda, kwenye baa au duka lenye bango la herufi T, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Ikiwa ni ya karatasi, ipige muhuri kwenye mashine ndani ya basi. Isiyopigwa huhesabiwa kama huna tiketi, na faini yake hailingani kabisa na nauli.

Gia_ya_Pili:
Mimi naona gari ni bora kama mko wawili au zaidi. Lakini leseni ya Tanzania peke yake haitoshi Italia: lazima iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri iliyoapishwa. Kibali hicho hutolewa nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo kichukue kabla ya kuondoka nyumbani.

Njia: A24 kutoka Roma, toka L'Aquila Est, shika barabara ya 17 kuelekea Pescara, ukifika Barisciano kata kushoto upande mlima. Ukipitiliza L'Aquila Est, toka Assergi. Ukiipita na hiyo, unaingia handaki la Gran Sasso, lenye urefu wa kilomita 10 kupita chini ya mlima, na unatokea upande wa Teramo. Kwenye malipo ya barabara usiingie njia yenye bango la njano, ile ni ya wenye kifaa cha kulipia garini. Mafuta jaza L'Aquila.

Barabara_ya_17:
Sawa, mkuu, ila kijijini gari linaachwa nje. Vichochoro ni vya ngazi na matao, kwa hiyo begi la magurudumu nalo ni adhabu. Beba la mgongoni.

Adesi_na_Mkate:
Kuhusu chakula: kijiji kinajulikana kwa adesi, ndogondogo za kahawia iliyokolea. Hazilowekwi, huiva kwa nusu saa hivi. Tatizo ni kwamba supu yake mara nyingi hutiwa soseji au mafuta ya nguruwe, kwa hiyo sema *senza maiale*, yaani bila nguruwe, kabla haijapakuliwa. Kuna pia *arrosticini*, mishikaki ya kondoo ya vipande vya kama sentimita moja, huchomwa kwenye jiko jembamba mithili ya mfereji. Haina nguruwe, lakini hilo haliifanyi halali; anayetaka halali yenyewe abaki na adesi. Jikoni hufungwa kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Ukifika saa kumi alasiri na njaa yako, utakula ulichobeba.

Kijiji kiko mita 1,250 hivi, usiku wa Septemba ni baridi kweli. Nyumba nyingine zina jiko la vidonge vya mbao: lizime kwa kitufe, usichomoe waya, maana feni ikikatika ghafla moshi hurudi chumbani. Na mwenyeji ataomba pasipoti halisi. Sheria inamtaka aripoti wageni polisi.

Mkwea_Usambara:
Nimeelewa, nahamishia Jumanne. Na ile njia ya Rocca Calascio?

Adesi_na_Mkate:
Kama saa moja na nusu kwenda, fuata alama nyekundu na nyeupe kwenye mawe. Ngome iko mita 1,460. Ukikuta kondoo, watazame mbwa weupe wakubwa kabla ya kondoo wenyewe: hao wamefunzwa kupambana na mbwa mwitu, hawajui utalii. Usipite katikati ya kundi hata kama njia inapita hapo. Zunguka mbali, polepole, usikimbie wala kuokota jiwe. Ukiona wanakuja, simama, ongea kwa sauti ya kawaida, halafu rudi nyuma.